Uji wa Eveline

Tumpe aliutema uji sakafuni, karibu kabisa na miguu ya mkwewe.

"Umeniwekea nini humu, Eveline?"

"Ni ulezi na maziwa tu, mama."

"Mchungu kama shubiri! Tangu nitoke hospitali kila unachonipa kichungu. Mwanangu umeshamzika, sasa unanitaka na mimi?"

Majirani pale Mbalizi walisikia, maana Tumpe aliuza ndizi sokoni miaka mingi na sauti yake haikujua kunong'ona.  Eveline aliufuta uji, akaosha sufuria, akafunga nguo zake kwenye kitenge. Saa nne alikuwa ndani ya basi la Iringa, anarudi kwao Kihesa.

Ndiye aliyemuuguza miezi miwili, tangu jiwe lilipoziba mrija wa nyongo na macho ya Tumpe yakageuka manjano. Alimwogesha. Alimfulia mashuka.

Uchungu ulibaki. Tumpe alijipikia viazi, akajichemshia chai ya rangi, na bado kila asubuhi alitapika maji ya kijani. Wiki ya tatu akarudi hospitali. Daktari alimpitisha mpira wenye kamera hadi tumboni.

"Ni nyongo, mama," alisema. "Tulipopanua mrija ili jiwe litoke, nyongo ikawa inashuka muda wote. Nyingine inarudi juu, inaunguza tumbo. Huwatokea baadhi ya watu. Nitakupa dawa."

"Kwa hiyo si chakula?"

"Hata ungekunywa maji matupu."

Tumpe alikaa kwenye benchi la nje, cheti cha dawa mkononi, mpaka mfagiaji akamwomba ainue miguu.

Kesho yake alishuka Iringa. Eveline alikuwa uani kwao akichambua maharage. Alisimama, akamwamkia, akamletea kigoda.

"Ilikuwa nyongo yangu mwenyewe, mwanangu. Nilikusingizia mbele za watu. Nisamehe."

"Nimesikia, mama."

"Basi turudi nyumbani."

Eveline aliinamia ungo. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe.

"Pumzika kwanza. Ila chakula utajipikia. Siku hizi simpikii mtu. Hata baba anapikiwa na mdogo wangu. Nikishika mwiko, nauona ule uji sakafuni."

 Tumpe aliinuka, akaingia jikoni mwa watu, akapapasa rafu ngeni akitafuta kiberiti. Moto ulipokubali, akabandika maji, akageuka. Eveline alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake, bega limeegemea mwimo, akiutazama moshi.