Mkono wa Kuishika Injini

Kufuli hakuamini kitu kinachocheza. Geti likicheza ni bovu, meza ikicheza ni bovu, na mtu akichezacheza na maneno mbele yake alimwambia papo hapo anyooshe sentensi. Miaka kumi na minne alikuwa akichomelea mageti na madirisha, na hakuna hata moja lililowahi kurudishwa karakanani kwake. Jina alilopewa na wazazi watu walikwisha kulisahau. Wateja walimwita Kufuli, naye aliitika kwa fahari, mwanamke mzima na aproni yake ya ngozi.

Sasa gari lake lilikuwa linacheza. Si bodi, si magurudumu, ni injini yenyewe. Raba za kuishikilia zilikuwa zimechoka, na za gari la umri ule hazikupatikana tena. Za bandia alizofunga zilidumu miezi miwili. Ukikanyaga mafuta, injini inainuka. Ukiachia, inajibwaga. Na mlimani, pale hasa unapohitaji nguvu, gia ya pili inachomoka yenyewe na gari linashtuka kama limekanyagwa mkia.

Angekuwa peke yake angevumilia. Lakini mama yake alikuwa amevunjika mfupa wa paja, akafanyiwa upasuaji, na kwa miezi mitatu alikuwa anakaa kwa kaka wa Kufuli, karibu na hospitali. Mama alitaka kurudi kwenye nyumba yake, alikokuwa akiishi na Kufuli. "Nataka kitanda changu," alisema kila siku, hata pale alipoulizwa anataka chai au uji.

Mwezi uliopita walijaribu kumrudisha. Mlimani gia ikachomoka, gari likaruka, mama akapiga yowe ambalo Kufuli alilisikia hata usingizini. Kaka akaamuru wageuze. Teksi ya siku moja isingesaidia kitu, maana mama alitakiwa kwenda mazoezi ya mguu hospitali kila Jumanne na Alhamisi, na gari la kumpeleka lilikuwa hilohilo.

"Mama hatoki hapa," kaka alisema, "mpaka niweke glasi ya maji kwenye dashibodi, tupande ule mlima, na lisimwagike hata tone."

Kaka alikuwa fundi viatu, mtu wa kusema polepole, na hilo ndilo lililomkera Kufuli zaidi. Mtu akikufokea, unamfokea. Huyu utamfanya nini?

Basi Jumatano Kufuli akafunga karakana mapema, akafungua boneti. Alipima kwa kamba kutoka juu ya injini hadi pale shokapu inapokamatia bodi. Akakata bomba nene la geti, akachomelea bamba kila upande, akatoboa, akaufunga ule mkono wa chuma kwa bolti, ncha moja kwenye injini na nyingine kwenye bodi. Alikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akaisukuma injini kwa mguu. Haikutikisika.

"Cheza sasa," akaiambia.

Alipanda mlima na glasi yake mbele. Gia ya pili ilitulia tuli. Lakini, loo! Usukani ulitetemeka, kioo kikatetemeka, kiti kikatetemeka, meno yakagongana. Mtetemo wote wa injini ulikuwa umepata daraja la chuma, ukavuka kuingia ndani ya gari. Glasi ilitembea yenyewe kutoka mwisho mmoja wa dashibodi hadi mwingine, ikammwagikia mapajani.

Mwingine angejiuliza. Lakini fundi mageti kitu kikimshinda huongeza chuma, na Alhamisi Kufuli aliongeza mkono wa pili. Siku hiyo hata skrubu za taa zilianguka barabarani.

Ijumaa alikwenda kwa kaka, shingo upande, kusema ameshindwa. Alimkuta mama anatembea sebuleni na fimbo ya chuma ambayo Kufuli mwenyewe alimchomelea. Fimbo ile ilikuwa ikilia kwenye sakafu ya saruji, ko! ko! ko!, unaisikia mpaka nje. Leo ilikuwa kimya.

"Umekifanya nini chuma changu?" Kufuli akamuuliza kaka yake.

"Mkono ulikuwa unamuuma. Kila akikanyaga, chuma kinamgonga kiganjani mpaka begani. Nikakata raba ya tairi la lori, nikaivisha chini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema fimbo haina kosa."

"Angesema hivyohivyo," mama akadakia, akacheka.

Kufuli alichuchumaa, akaibonyeza ile raba kwa dole gumba. Ilibonyea kidogo, ikarudi. Akaibonyeza tena. Pale chini, miguuni pa mama yake, aliona kosa lake lote. Injini lazima itetemeke, ndiyo kazi yake. Alichotakiwa kuzuia ni ule mruko tu. Uso ukamwaka kwa aibu.

Kuomba kulikuwa kugumu kuliko kuchomelea, lakini aliomba. "Kaka, raba hiyo imebaki?"

"Ya nini?"

"Ya gari. Niiweke kati ya chuma na bodi."

Kaka alimtazama, akamtazama na mama. Kisha akachukua kisu chake, akakigeuzageuza mkononi. "Bolti yako unene gani?"

Alikata vipande vinne vya mviringo, akavitoboa katikati kwa kitoboleo cha mikanda.

Jumamosi asubuhi Kufuli aliung'oa mkono wa pili, akaufunga upya ule wa kwanza, raba juu na raba chini kila mwisho. Alikaza nati mpaka raba ikaanza kubonyea, akaacha. Mkono ulimwasha kuongeza nusu mzunguko. Akairudisha spana kwenye sanduku, akafunga sanduku.

Mama alikaa kiti cha mbele, kimelazwa kidogo. Kaka alikaa nyuma na mfuko wa nguo za mama, baada ya kujaza glasi mwenyewe mpaka ukingoni. Mlimani Kufuli aliingiza gia ya pili, akakanyaga. Injini ilinguruma. Maji yalisisimka, yakatulia. Kabla hawajafika kileleni, mama alikuwa amefumba macho, mdomo wazi kidogo, amelala.

"Umeona?" Kufuli alisema, akimtafuta kaka yake kwenye kioo. Alikuwa ameyaandaa maneno yake tangu Jumatano, na yalikuwa makali.

Lakini kaka hakuwa anaiangalia glasi. Alikuwa anaangalia kisogo cha mama, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Ile fimbo ndiyo ilikuwa inaniamsha," alisema polepole. "Ko, ko, anakwenda jikoni. Nikaitia raba, ikanyamaza. Halafu na wewe nikakukatia raba umwondoe kwangu."

Kufuli akakumbuka kisu kilivyokawia mkononi mwa kaka yake. Angeweza kusema raba imekwisha, na nani angejua? Yale maneno yote makali akayaacha. Alimwonea kaka yake huruma, na akajionea haya, na barabara ikafifia kidogo machoni pake.

"Jumanne namleta mazoezi," akasema. "Atalala kwako mpaka Alhamisi. Kila wiki."

"Na mimi hamniulizi?" mama akasema, macho bado amefumba.

Wote wawili wakashtuka kama wamefumaniwa.

"Nitakuja," mama akasema. "Na hiyo raba nitaichomoa asubuhi, nigonge mara mbili tatu uamke. Halafu utanirudishia, maana mkono bado unauma."