Aliyesimama Mkono wa Kulia

Usiku wa jana niliota upawa wangu unasoma Kiingereza. Ulikuwa palepale ukutani, kwenye msumari wake wa juu ambao nyumbani mwetu naufikia mimi peke yangu. Sikushangaa. Jioni nzima wajukuu zangu wawili, Tunu na mdogo wake Mwajabu, walikuwa wakisoma somo lao la Kiingereza jikoni kwa sauti. Upawa nao una masikio.

"Karibu darasani, bibi," ukasema.

Nageuka, jiko limekuwa darasa. Sufuria zimekaa kwenye madawati, zimejifunika kwa adabu. Mbele amesimama mtu mwembamba kama fito.

"Shikamoo, bibi. Naitwa Than. Kwenu mnaniita Kuliko. Nasimama katikati ya wawili. Wa kushoto anakua, wa kulia anapungua."

"Marahaba. Umekula?"

"Sijawahi kuulizwa. Watu hutazama pande zangu mbili tu."

Nikampa wali. Alikula wima, maana akikaa sentensi inaanguka.

Hapo akaingia Mwanakombo, shangazi wa wasichana, na maneno yake ya kila siku. "Tunu ana akili kuliko Mwajabu."

Than akaweka sahani chini, akasimama katikati ya wasichana, maana nao walikuwamo darasani. Tunu akagonga dari. Mwajabu akawa na kimo cha kinu.

"Mwanakombo, nyamaza," nikamwambia.

"Nimesema uongo? Tunu anasoma vizuri kuliko Mwajabu. Tunu ni mwepesi kuliko Mwajabu."

Mwajabu akawa kigoda, kisha kikombe. Kichwa cha Tunu kilikuwa kimeshatoboa bati.

"Shangazi, basi!" akalia huko juu. "Simwoni mdogo wangu!"

Namwokota Mwajabu, namweka kiganjani. Ananitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyepungua.

"Usijali, bibi. Sasa nitakuwa nakula punje moja tu."

"Mrudishe," namwambia Than.

"Ningependa, kwa ule wali wako. Lakini mkono wa kulia haukai mtupu. Nani ataingia?"

Sufuria zote zikainamisha vifuniko. Mwanakombo akakumbuka ana nguo za kuanua.

Sasa tumo ukumbini kwangu, tumekaa jamvini, na sufuria kubwa ya wali iko katikati. Nikacheka. Kwetu anayepakua hula mwisho, na mimi napakua tangu nilipoolewa. Watu huiogopa nafasi ya mwisho kwa kuwa hawajakaa hapo. Chini ya sufuria ndiko uliko ukoko.

Nikamweka Mwajabu kushoto, nikasimama kulia. "Mwajabu ni mkubwa kuliko mimi."

"Una hakika, bibi?" Than akauliza.

"Simama vizuri, mwanangu, usije ukaanguka."

Mwajabu akaanza kukua. Tunu, kwa kukosa wa kupimwa naye, akashuka taratibu akiwa na kutu ya bati kwenye nywele. Mimi nikaliona jamvi likinisogelea, na sikuona ubaya wowote.

Nikaamka. Kumekucha. Nikaenda jikoni kupasha kiporo, nikanyoosha mkono kuchukua upawa. Haukufika. Ulipungua kwa upana wa kidole kimoja.

Mwajabu akaja nyuma yangu akipiga miayo, akanyoosha mkono, akauangua.

"Tangu lini unaufikia?"

"Sijui. Bibi, mbona leo umefupika?"

Nyuma yake Tunu alikuwa akijikuna kichwa, akikung'uta kitu chekundu kama unga. Nikamwambia Mwajabu apakue yeye. Alitupakulia sote, akala mwisho, na ukoko akautafuna peke yake.