Pazia la Tipitipi

Nawaandikia ninyi mnaopenda kupamba nyumba. Pambeni, sikatazi. Nami napenda mlango uwe na kitu na ukuta uwe na kitu, nyumba isikae kama ghala la mahindi. Lakini kabla hamjatia uzi kwenye sindano, nisikilizeni kwanza habari ya mwanangu Ziada, kisha mnisaidie kufahamu, maana mimi mwenyewe sijafahamu yote.

Mdogo wangu Kadija alikuwa karibu kuolewa na Ahmadi, kijana wa hapahapa Mitwero mwenye baiskeli. Siku moja alikwenda Lindi mjini, akaona kwenye nyumba ya Mgoa mmoja pazia la shanga, limening'inia mlangoni nyuzinyuzi, ukipita linalia cha-cha-cha nyuma yako. Akarudi hana raha. Akila, pazia. Akichota maji, pazia. Nikamwambia shanga za dukani za kujaza mlango mzima si za watu kama sisi.

"Dada, nani kataja duka?" akasema. "Ahmadi kila akienda Mingoyo anapita tipitipi zimejaa vichakani, zinaoza bure."

Tipitipi mnazijua, hata kama kwenu zina jina jingine. Ni zile mbegu nyekundu zinazong'aa, zenye jicho jeusi. Mti wake unatambaa juu ya miti mingine, na ganda lake likikauka linapasuka, mbegu zinabaki zinakutazama. Mtoto gani wa pwani hii hakuzichezea? Tumezichezea bao, tumezichezea duka. Masonara wa zamani walizipimia dhahabu. Basi Ahmadi akaleta kapu zima, nasi tukakaa barazani.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka subira, kwa sababu tipitipi iliyokauka ni jiwe. Sindano baridi inateleza inakuchoma wewe. Kadija akaweka seredani ya mkaa, anatia sindano motoni mpaka iive, anaipenyeza kwenye lile jicho jeusi mpaka itokeze upande wa pili. Ukisikia harufu kama ya kunde iliyoungua, ujue imepenya. Kisha mbegu kadhaa, kipande cha tete, mbegu kadhaa, kipande cha tete. Mimi nilikata matete. Jirani yetu Skolastika, mke wa Eusebio, watu wa bara ya Newala walioshuka kwa kazi ya mkonge, yeye ndiye alikuwa na mkono. Sisi tukimaliza uzi mmoja yeye yuko mbali.

"Kadija," akasema Skolastika, "huyo Ahmadi atapita mlangoni, au atasimama pale kutazama mbegu mpaka kupambazuke?"

"Atapita. Kilichomo ndani kinalishinda pazia."

"Astaghfirullah!" Mama yetu, Bi Kijakazi, akapiga kofi goti lake. "Watoto wapo hapa!"

Watoto walikuwapo kweli: Ziada wangu na Leonadi wa Skolastika, wa rika moja, wamechutama kwenye kapu wanachagua zilizong'aa sana. Hawakusikia lolote.

Pazia likaisha, likatundikwa kwenye mlango wa chumba cha Kadija, ule unaotazama uani. Wallahi lilikuwa zuri. Jua la alasiri likilipiga, chumba kinakuwa chekundu mpaka kwenye dari. Ziada akaingia chini yake akakaa, nyuzi zimemwangukia mabegani. Skolastika akasimama uani, mikono kiunoni.

"Tazameni mtoto huyu! Kama malaika wa kwenye picha ya kanisani."

Mama akakohoa. Nilijua kikohozi kile. Alikuwa anangoja neno mashallah la kukinga kijicho, nalo halikuja. Lakini Skolastika si neno lake, kwao hawalisemi, nami nikalisema moyoni kwa niaba yake, mambo yakapita.

Alasiri ileile tukawakuta watoto wanakula tipitipi. Leonadi alikuwa ameinamia kapu la zilizobaki, shavu limemvimba, anameza kama kuku. Ziada alikuwa bado chini ya pazia, anamung'unya, uzi umelowa mate. Skolastika akapiga yowe. Mama akacheka.

"Kelele za nini? Sisi tulizimeza tukiwa wadogo, tukishindana. Zikatoka zilivyoingia. Mtoto hafi kwa tipitipi."

Ni kweli, hata mimi nilimeza nilipokuwa mdogo. Hata Kadija. Nani kati yetu alikufa? Tukawafuta midomo, tukawagombeza, tukapika wali na samaki.

Kesho yake kabla ya adhuhuri Ziada akaanza kutapika. Nikasema ni samaki. Kisha akaharisha. Kisha nikaona damu. Mtoto aliyekuwa hakai chini akawa amelala kwenye mkeka macho nusu, ukimwita anakutazama kama mtu aliye mbali. Nje, upande wa pili wa ua, nasikia Leonadi anakimbiza gurudumu lake la bati, anacheka.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuchanganyika. Kama ni tipitipi, Leonadi alimeza gao zima, kiganja tele. Kama ni samaki, sote tulikula. Kama ni homa, mbona mwili baridi? Kila nikishika jambo moja, jingine linaniponyoka.

Mama hakuchanganyikiwa. Yeye alikuwa na jibu. Akaleta kombe, maji yaliyooshea aya, kutoka kwa mwalimu wa madrasa, tukamnywesha Ziada, akalitapika. Wakati huohuo Skolastika akaja na uji wa mtama kwenye chungu kidogo, amekifunika kwa kitambaa. Mama akasimama mlangoni.

"Rudi na uji wako."

"Shikamoo, mama. Nimekosa nini?"

Mama hakuitika marahaba. Sijawahi kumwona akiacha kuitika. "Mwanao kala tipitipi, wetu kala tipitipi. Wako anakimbiza gurudumu, wetu anatoka damu. Nawe ndiye uliyesimama hapa jana ukamsifu. Nieleze basi."

Skolastika akanitazama mimi, hakumtazama mama. "Mama Ziada, na wewe unasema hivyo?"

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema ndiyo, maana angalau ndiyo ni neno la kushika. Nikasema, "Sijui." Skolastika akainua chungu chake akaondoka. Hakulia wala hakugomba. Nikabaki nimesimama nusu ya mlango, nyuzi za pazia zinalia begani kwangu, sijui niko upande gani.

Ahmadi akatupakia kwenye baiskeli mpaka hospitali mjini, mimi nyuma na mtoto kifuani. Dresa, Bwana Klementi, mtu mpole, akampima, akaniuliza, "Amekula nini?"

"Wali na samaki."

"Kingine?"

"Hakuna kingine."

Someni hapo mara mbili. Sikumdanganya. Kwangu mimi tipitipi hazikuwa chakula wala sumu, zilikuwa mchezo, sasa ningezitajaje? Ningemwambia pia kwamba alichezea mchanga? Akatupa dawa ya tumbo, tukalazwa. Tumbo halikusikia dawa. Usiku ule mtoto aliacha kuomba maji.

Asubuhi Skolastika akaingia wodini, miguu ina vumbi la njia nzima ya kutoka Mitwero. Ameshika kifuu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Nikajua amekuja kunisema. Akachutama karibu na kitanda.

"Shoga, samahani kwa nitakachokuonyesha. Nimemvizia Leonadi chooni."

Akafunua. Tipitipi, zimeoshwa, nyekundu, zinang'aa kama siku zilipotoka kwenye ganda. Jicho jeusi halina hata mkwaruzo.

"Ni nzima," akasema. "Hata moja haikupasuka. Nimekaa nazitazama, najiuliza, za Ziada ziko wapi? Ukimbadilisha nguo umeziona?"

Nikafikiri. Nguo zote nilizofua. Damu niliiona, maji niliyaona, tipitipi sikuiona hata moja. Maganda tu, laini, mekundu, nami nikadhani ni nyanya.

Kisha akatoa kwenye pindo la kanga kipande cha uzi. "Nimepita kwenu mama akiwa kisimani. Nimekikata chini, pale alipokuwa amekaa Ziada. Huku mwisho pamebaki tete tupu. Sijui maana yake. Nimeona nikuletee."

Tukakaa wanawake wawili tunatazama mbegu. Mkono wangu tu, kwa kukosa kazi, ukatupa mbegu za kifuu na zile zilizobaki kwenye uzi ndani ya kikombe cha maji ambacho Ziada hakukinywa. Tukamfuta mtoto, tukamgeuza, tukamwita jina. Nilipokumbuka kikombe, jua lilikuwa limepanda. Za kifuu zimekaa chini kama mawe. Za uzi zimevimba, ngozi imelegea, maji yameingia kwenye tundu la sindano ya Kadija. Nikaiminya moja kwa ukucha, ikapasuka kama kunde iliyolowekwa.

Nilikimbia na kikombe, maji yamemwagika nusu njiani. Bwana Klementi akatazama ndani, akaacha kuandika.

"Mtoto alikula hizi?"

"Alikula zenye tundu. Mwenzake alikula zisizo na tundu, mzima."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza chakula, baba."

Hakunigombeza. Alikwenda mbio kumwita daktari, wakarudi wote wawili. Wakasema mbegu hii ndani yake ni sumu kali, ila ganda lake gumu, isipotobolewa wala kutafunwa hupita kama kokoto. Wakasema dawa ya kuifukuza hawana wao, na hata Dar es Salaam haipo. Wakamtundikia chupa ya maji ya chumvi, sindano mkononi. "Tumpe maji, tungoje," akasema Bwana Klementi. "Kungoja nako ni kazi."

Tukangoja. Skolastika hakurudi nyumbani. Akimshika Ziada miguu mimi nalala kidogo, akilala yeye nashika mimi. Sikumwomba radhi kwa lile "sijui" langu, naye hakulitaja. Kuna siku niliona mtoto amekwenda, nikaweka shavu puani mwake nisikie. Kuna siku nyingine akafungua macho akasema, kwa sauti ya paka, "Mama, maji." Nikamnywesha kidogo kidogo.

Tuliporudi Mitwero, nimembeba Ziada mwepesi kama kapu tupu, mlango wa Kadija ulikuwa wazi. Alilikata pazia mwenyewe, Ahmadi akachimba shimo refu nyuma ya choo, wakalifukia. Hawakulitupa kichakani wala jaani, kuku wasije wakachakura, watoto wasije wakaokota. Kadija aliolewa kanga ikining'inia mlangoni badala ya pazia, naye hakulalamika. Mama alikuwa amebaki na tipitipi moja yenye tundu, anaiinua juu kwenye jua, anatazama ndani kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani.

"Tundu la sindano tu?" akaniuliza. "Sisi tulizimeza."

"Mlizimeza nzima, mama."

"Tundu dogo hivi?"

Akauliza tena kesho yake, na keshokutwa. Simlaumu. Mimi nami naelewa kwa akili, moyo unakataa. Kitu kilekile, kapu lilelile, alasiri ileile. Kumbe sisi ndio tuliofungua mlango, kwa sindano, tukiwa tunacheka.

Kwa hiyo nawaambia: kuzaliwa na kukua na mbegu fulani si kuijua. Ukishaitoboa si ileile ya utotoni mwako. Tumieni makombe ya pwani, tumieni ukindu, matete, vitambaa. Na mtoto akiugua, mkiulizwa amekula nini, tajeni kila kitu kilichopita mdomoni, hata mchanga. Mimi siku hizi nikibisha hodi kwa mtu natazama mlango kwanza, ndipo naingia.

Siku ya pili tangu turudi, Skolastika alipita uani kwenda kisimani. Alipita mbali, ukingoni kabisa, kama mgeni. Mama alikuwa barazani anapepeta mchele. Akampa salamu, mama akaitika marahaba, kisha akaendelea kupepeta, kisha akaita bila kuinua kichwa.

"Mama Leonadi! Ule uji wako unatia nini?"

Skolastika akasimama na ndoo. "Mtama na maji, mama."

"Basi?"

"Na chumvi kidogo."

"Mtoto anautaka," akasema mama. Ziada alikuwa amelala, hakusema kitu. "Lete. Lete na chungu kikubwa, nami nionje."