Madebe Mawili Kutoka Mtoni

Siku ya tatu mzega ulikuwa umeshanichuna bega. Madebe mawili ya maji kutoka mtoni, kilima chote, ili Bwana Msitu, aliyekuja kupima udongo, atie dawa yake ya zambarau, nimwage chini, nyungunyungu watoke, awahesabu. Shule niliikimbia kwa sababu ya hesabu. Kumbe hesabu ilikuwa inanifuata.

Msituni hakuna shida. Unamwaga, wanachomoza kama vidole vya ardhi. Arobaini, hamsini. Lakini kwenye mitiki ya serikali, ile ya mistari, ardhi inakunywa maji na kunyamaza. Na amri ya Bwana ilikuwa moja: wasipofika kumi, rudia. Kurudia ni mtoni tena.

Shangazi Mboni, aliyenilea, alikuwa na shamba lake la muhogo bondeni, chini ya mitiki hiyo. Kila nikipita ananicheka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Mwishehe. Nundu hiyo begani imeota lini? Na hao samaki mnakwenda kuvua wapi, maana chambo mnacho cha kulisha Kisarawe nzima!"

Siku ya tano nikachoka kweli. Alfajiri nikachimba nyungunyungu msituni, kama thelathini, nikawabeba kwenye jani la mgomba, nikawaachia kwenye mitiki wazame. Bwana alipokuja, nikamwaga maji. Wakatoka kumi na wawili. Akaandika, akatabasamu. Wiki nzima nikafanya hivyo, kila mstari. Mtoni sikurudia hata mara moja.

Ijumaa, jumbe wa kijiji alifika kwa shangazi. Avune muhogo wake, ahame. Mitiki itashuka mpaka bondeni.

Nilimkuta anapalilia, kama hajaambiwa kitu.

"Nikamwambia jumbe, miti ile inaua udongo," akasema. "Ananijibu, haiui, umepimwa. Nani kaupima, Mwishehe?"



Nikaenda kwa Bwana. "Nyungunyungu wa kwenye mitiki niliwaleta mimi."

"Kwa nini?"

"Mto uko mbali."

Alinitazama mpaka nikatamani anipige. Akafunga daftari. "Kesho utarudia yote. Palepale. Nami nitakuwepo tangu alfajiri. Ukimaliza, usije tena."

Kazi haikuniuma. Kilichoninyima usingizi ni wale wengine. Kila mstari niliachia kama thelathini, wakatoka kumi na kitu. Waliobaki walikuwa bado huko chini.

Asubuhi nikamwaga madebe mawili. Bwana alipiga magoti, kalamu mkononi. Bondeni jembe la shangazi lilikuwa linasikika, taratibu.

Maji yakazama. Ardhi ikanyamaza.

"Mmoja," akasema Bwana.

Tukangoja.

"Wawili. Watatu."

Nikainama, nikauweka mzega juu ya bega lenye kidonda, madebe matupu yakagongana. Nikasimama hivyo, nikiomba aniambie nirudi mtoni.