Rudi Nyuma Kidogo

Maneno yalimfikia Chepkurui mferejini na tangu siku hiyo hayakumtoka: ile nyumba ya magurudumu aliyoileta bwana mpya kutoka Nakuru ni gari la kachinja, wale wanaokamata watu na kuwatoa damu. Mapazia yake hufungwa mchana kutwa. Ndani mna kitanda chembamba, na chini ya kitanda mna mpira wa kuvutia damu.

"Nani aliuona huo mpira?" aliuliza.

"Si mimi," jirani yake Chepngeno alijibu akijitwika debe. "Lakini pia si mimi niliyempeleka binti yangu awe yaya huko."

Binti mwenyewe alikuwa Jerop, miaka kumi na sita. Alhamisi hiyo bwana, memsab na mtoto wao mdogo Meri walikuwa waende kutembea, kuona ziwa la maji ya moto huko chini kwenye nchi ya ukame, na yaya aende nao. Asubuhi Chepkurui alivaa gauni la kanisani akasimama mbele ya mlango wa gari linaloivuta ile nyumba.

"Wewe hapana kuja," bwana alisema. "Nafasi hapana."

"Basi Jerop pia hapana."

"Mama, unaniaibisha," Jerop alinong'ona.

"Aibu haitoi mtu damu. Sogea."

Memsab alicheka, akahamisha kikapu cha chakula, na Chepkurui akaketi.

Wakateremka polepole, nyumba ikiwafuata nyuma kama ng'ombe wa kuvutwa kwa kamba. Mistari ya mkonge ikapita, kisha vumbi, migunga na mbuzi waliosimama kwa miguu miwili wakila majani. Karibu na Mogotio, penye mstari wa ikweta, bwana alisimamisha gari, akatanua miguu na kuwaambia kuwa mguu mmoja uko upande huu wa dunia na mwingine upande ule. Chepkurui aliangalia chini. Udongo ulikuwa ni ule ule. Memsab akatoa viti vya turubai, akamimina chai, na Chepkurui akaletewa kikombe akiwa ameketi, jambo ambalo halikuwa limemtokea maishani. Chai ilikuwa tamu. Upepo ulikuwa mzuri. Alipojikuta anatabasamu alikasirika. Ndivyo wanavyokulainisha, alijiambia, na kutoka hapo hakuondoa macho kwenye mlango wa ile nyumba.

Ziwani flamingo walikuwa wamefunika ukingo mzima, na mvuke ulitoka ardhini kana kwamba kuna mtu chini anapika. Memsab aliketi kivulini na Meri na Jerop. Bwana alichukua kamera yake. Hapo Chepkurui akaona nafasi. Akafungua mlango, akaingia.

Alipekua kila mahali. Vikombe. Viazi. Blanketi. Akapiga magoti akaangalia chini ya kitanda, na mpira ulikuwepo, mwekundu, umejikunja. Akauvuta. Ulitoka kwenye tangi dogo, na ncha yake ikamdondoshea maji kwenye gauni. Maji tu, ya kuoshea vyombo.

Bado ameushika, akasikia sauti ya bwana nje.

"Rudi nyuma. Kidogo. Kidogo ingine."

Akasukuma pazia. Jerop, na aproni yake mpya, alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea kwenye mvuke ili picha itoshee. Ardhi nyuma yake ilikuwa nyeupe, kavu, yenye mikunjo, kama utando juu ya uji uliopoa. Chepkurui alipika uji kila siku ya Mungu. Alijua huo utando unavyodanganya: juu baridi, chini unachoma ulimi.

"Jerop! Simama!" Alikuwa ameshatoka mbio.

"Nyuma," bwana alisema, jicho lake kwenye kamera.

"Mama, bwana anasema…"

"Bwana hakukuzaa! Usirudi!"

Lakini mguu ulikuwa umeshashuka. Kisigino kikazama, Jerop akapiga kelele, akauchomoa.

"Sasa njoo kwangu. Kanyaga pale pale ulipokanyaga. Pole pole."

"Wewe mama, nyamaza! Haribu picha yangu!"

"Nitaiharibu." Akasimama mbele ya kamera, kifua mbele. Jerop alipofika mikononi mwake, Chepkurui aliokota jiwe akalirusha pale msichana alipokuwa amesimama. Ardhi ikapasuka, tope likatokota.

Bwana akawa mweupe kuliko alivyokuwa. "Mimi hapana jua," alisema.

"Hukujua, lakini ulisema nyuma mara mbili."

Kisha akamwingiza Jerop ndani ya nyumba ile ile, akamlaza kwenye kitanda kile kile chembamba, akafungua mpira ule mwekundu na kumwagia kisigino maji baridi mpaka tangi likaisha. Hakumwomba mtu ruhusa.

Jioni, walipowashusha, bwana alisema Jerop aje Jumatatu.

"Haji."

"Kazi mzuri, mama."

"Nimesema haji."

Chepngeno alikuwa anawangoja njiani. "Uliupata mpira?"

"Niliupata. Unatoa maji."

"Maji!" Chepngeno hakupendezwa. "Na hicho kisigino?"

"Hilo ni kosa langu. Nililinda mlango, nikasahau ardhi. Na ni mimi niliyemfundisha kuitikia 'ndiyo bwana' kabla mtu hajamaliza kusema."

Wiki iliyofuata wasichana wawili wa laini, zile nyumba za vibarua, walikwenda kuomba kazi ile. Chepkurui aliwazuia njiani, na hakuwaachilia mpaka walipoyarudia haya:

Usikanyage ardhi nyeupe karibu na mvuke, hata ikiwa kavu.

Usitembee kinyumenyume mahali usipopajua, kwa picha wala kwa lolote.

Usimwachie mtoto mkono ukifika huko.

Usitoke kwenye nyayo zako ukiwa unarudi.

Usipoteze macho yako kwa maneno ya mferejini.

Usiseme ndiyo kabla hujaangalia miguu yako iko wapi.