Uso Uliotangulia Jeneza

Kitu cha kwanza nilichoona ni masikio. Mama alikuwa na ndewe ndefu, zilizotogwa tangu utoto kwa desturi yetu Waarusha. Akienda kanisani alizikunja akazipachika juu ya masikio. Kwenye picha ya msiba wake masikio yalikuwa madogo, mazima. Yalikuwa yangu.

Mama alipofariki, baba alishuka nami hadi mtaa wa Sakina kwa Derick, mpiga picha aliyekuwa ameleta kompyuta. Picha pekee ya mama ilikuwa ya kwaya. Uso wake haukuzidi punje ya mtama.

"Mzee Loishiye, hii nikiikuza atakuwa ukungu mtupu," Derick alisema. Akanitazama. "Huyu binti na mama yake si wamefanana? Kaa hapo, dada. Kompyuta haishindwi. Hata mbuzi naweza kumvalisha suti."

"Fanya," baba alisema. "Siku hizi kila msiba una picha. Tutamzikaje kama mtu asiye na kwao?"

Derick akanipiga picha, akanizeesha kwenye kompyuta, akanifunga kilemba cha mama. Siku ya mazishi niliibeba picha ile mbele ya jeneza. Watu walilia wakiitazama.

"Ni yeye kabisa," alisema shangazi Namnyaki. Niliinamisha kichwa.

Ile ya kwaya ilibaki kwa Derick. Nilipoifuata, pale palikuwa panauzwa betri za magari.

Wakati huo mdogo wangu Nosim alikuwa bado ananyonya. Amekua akiiita picha yeyo, yaani mama, na kuiaga kila asubuhi: "Yeyo, naenda shule." Baba naye, nilipotaja zile ndewe, alikasirika. "Mama yenu hakuwahi kutoga. Huoni picha?"

Jana wenzake Nosim walikuja kumsuka. Wakamtazama yeye, wakatazama ukutani, wakacheka. "Wewe uliokotwa Nduruma. Mtoto wa yule ni dada yako."

Walipoondoka aliishusha picha, akaishika kando ya kioo.

"Pua si yangu. Macho si yangu. Dada, mimi nimefanana naye wapi?"

Nilifumba macho nimtafute mama. Kila nilipomkaribia aligeuka akawa mimi, na kilemba chake. Zilibaki ndewe tu, bila uso.

Nosim akaitundika picha, uso umeelekea ukuta. Nikamalizia kumsuka.

Nosim, yule ni mimi. Hukuokotwa, nilikuwepo ulipozaliwa. Lakini ukiniuliza mama alikuwaje, sijui tena.