Ajuza wa Ukurasa wa Tisa

Jumanne, saa ya kusoma kimya, mwalimu wa darasa la pili alisikia kicheko kwenye kona ya vitabu. Hakikuwa cha furaha. Kilikuwa kile cha kuzibwa kwa kiganja. Watoto wanne walikuwa wameinamia kitabu kimoja cha picha, na mmoja wao alimnyooshea kidole msichana aliyekaa dirishani, magongo yake mawili yakiwa yameegemea ukuta.

"Ni huyu! Ni huyu kabisa!"

Mwalimu akakinyakua kitabu. Ukurasa wa tisa alichorwa ajuza mwenye kucha ndefu, anatembelea gongo, anatia watoto guniani. Alipoinua macho, msichana alikuwa ameyavuta magongo yake na kuyasukumia chini ya dawati.

Watoto walipotoka, mwalimu aliketi sakafuni kwenye vumbi la chaki, akavipekua vitabu vyote themanini na vinne, akiandika kwenye daftari. Mama, katika kila kitabu, yuko jikoni. Baba yuko kitini na gazeti. Mtoto asiyesikia hakuna. Mtoto anayelelewa na bibi hakuna, na darasani mwake walikuwa kumi na mmoja. Mwenye ngozi nyeusi ti ni mmoja, naye ndiye mvivu. Wenye magongo wawili: yule ajuza, na jambazi.

Asubuhi aliliweka daftari mbele ya mwalimu mkuu.

"Mwalimu wangu," mkuu akacheka, "hizi ni hadithi tu."

"Kama ni hadithi tu, mbona tunawasomesha?"

Mkuu akamwambia basi alete orodha ya vitabu anavyovitaka. Alidhani ataishia hapo.

Hakuishia. Wiki mbili alishinda na mkutubi wa maktaba ya mji, mwanamke aliyeitwa Dada Kimya kwa sababu hakuwahi kunong'ona maishani mwake. Akisema "shikamoo" hadi wa barabarani wanaitikia.

"Vya kuhurumiana sitaki!" alifoka Dada Kimya, akitupa kitabu pembeni. "Mtoto yuko kwenye kiti cha magurudumu, kila ukurasa analia. Analilia nini? Nitafutie anayevunja dirisha kwa mpira kama wenzake!"

Walichagua thelathini. Orodha ilirudi kutoka kwa mkuu imejaa wino mwekundu, kumi na tisa vimekatwa. Kwenye kitabu cha baba anayemwogesha mtoto: *Haifai.* Kwenye cha msichana asiyesikia anayedaka mpira langoni: *Wazazi watalalamika.*

"Mzazi gani?" mwalimu aliuliza.

"Wazazi kwa ujumla."

"Nitajie mmoja."

Mkuu akatazama saa ya ukutani.

Siku hiyohiyo mwalimu alimfuata mama wa yule msichana, fundi cherehani mwenye kibanda kando ya barabara, akamweleza yote. Mguu wa fundi ukasimama juu ya pedali.

"Kumbe ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini, mama?"

"Wiki ya tatu sasa nyumbani hataki magongo. Anatambaa uani kama mtoto mchanga. Mimi nikadhani yanamchubua kwapa, nikayafunga vitambaa upya." Alikata uzi kwa meno. "Kamati inakutana lini?"

Kamati ya shule ilikutana Alhamisi. Fundi aliingia amevaa gauni lake la heshima, akakiweka kitabu mbele ya mwenyekiti.

"Baba mwenyekiti, naomba unisomee ukurasa wa tisa."

"Kwani hujui kusoma, mama?"

"Najua. Nataka kuusikia kwa sauti yako."

Mwenyekiti akavaa miwani. "'Ajuza kilema akaburuta mguu wake mbovu, na watoto wote wakamkimbia kwa...'" Akakohoa. "Nadhani tumeelewa."

"Mwanangu hakuambiwa tumeelewa. Alisomewa mpaka mwisho. Endelea, baba."

Akaendelea mpaka mwisho, sauti ikizidi kupungua. Mwalimu mkuu alikuwa akichunguza viatu vyake.

"Basi," fundi alisema, "mlikuwa mnamtafuta mzazi wa kulalamika. Nimekuja."

Vitabu ishirini na tisa vilipita. Cha baba anayeogesha mtoto mwenyekiti alikikatalia katakata; alisema kinawavunjia wanaume heshima. Siku ya kuvipokea, mkuu alisimama mbele ya mpiga picha akatangaza kwamba wazo hilo alikuwa nalo siku nyingi. Mwalimu hakupiga makofi. Pembeni yake Dada Kimya alimnong'oneza, na uwanja mzima ukasikia, "Wazo lake yeye? Hana hata haya!"

Yule msichana alichagua kitabu cha nyangumi. Hakutaka kingine wiki nzima, na darasani hakuna aliyemcheka tena kwa jina la ajuza, ingawa mama yake alisema ilichukua siku nyingine sita kabla hajatembea mpaka dukani.

Mwalimu bado ana hasira. Ameshaiandikia kamati barua tatu kuhusu kitabu kile kilichokataliwa, hazijajibiwa. Kwa hiyo Ijumaa alikiazima kwenye maktaba ya mji, akaketi nacho mbele ya darasa na kuanza kusoma.

"Baba yangu naye huniogesha," alisema mtoto wa mbele.

"Wangu ananisuka nywele!"

"Wangu anasuka vibaya!"

Mwalimu mkuu alikuwa akipita nje, akasimama dirishani. Mwalimu alimwona, akafungua ukurasa uliofuata, akapaza sauti.